Kitanda cha Pili Chumbani kwa Haj Khanom

Mashhad, 4 Aban 1378

Dada yangu Esmat,

Salamu. Barua hii mwenzangu wa karakana ya kushona ameipeleka stendi kwa Ghorbanali, dereva wa basi la Qaen. Ameambiwa aifikishe mkononi mwako, na hasa isipite mkononi mwa Kaka Yadollah.

Nimelazwa. Mama usimwambie bado. Yale maumivu ya ubavuni niliyokuandikia wakati wa kiangazi hayakuwa gesi. Daktari amekuta mfuko wa maji kwenye ini langu, mkubwa kama komamanga. Anasema ni ugonjwa wa mbwa na kondoo, na huko kwetu wengi wanao na hawajui. Lazima nipasuliwe. Mpaka siku hiyo nisianguke, nisipigwe kikumbo, maana mfuko ukipasukia ndani naweza kufa kabla muuguzi hajavaa viatu.

Ungedhani mtu wa namna hiyo atapewa kitanda. Nimelala kwenye machela ya magurudumu ukumbini, kati ya mlango wa wodi ya wanawake na mlango wa wodi ya wanaume, na kila anayepita ananigonga.

Msimamizi wa wodi ya wanawake, Bi Shirvani, si mtu mbaya. Alikichukua kitambulisho changu, akanitazama, akakigeuza huku na huku kama noti ya bandia.

"Rahmatollah ni nani?"

"Ni mimi, kwenye karatasi."

"Na nje ya karatasi?"

"Taraneh. Kesi yangu ya kuandikwa mwanamke iko mahakamani, hukumu itatoka majira ya baridi. Barua ya daktari wa serikali hii hapa."

"Binti yangu," akasema. Aliniita binti, Dada, nikataka kumbusu mkono. "Barua inasema utakuwa mwanamke. Kitambulisho kinasema wewe ni mwanamume. Mle ndani nina wanawake wamevua mitandio. Mmoja wao akimwambia mumewe tu, mimi sina kazi."

Yule wa wodi ya wanaume hakunigusa hata kitambulisho. "Huyu nimlaze kati ya vijana hawa? Usiku mmoja tu nitakuwa na kesi." Mhudumu mmoja akasema waniweke kwenye lifti, niwe napanda na kushuka mpaka mahakama iamue. Walicheka wote. Nami nilicheka, ingawa kucheka kunauma.

Nilimkumbuka Bi Kokab wa hamamu, lile bafu la umma. Unakumbuka? Mama alikuwa akinipeleka nanyi siku ya wanawake, hadi siku ile Bi Kokab aliponishika sikio mlangoni: "Huyu amekua, mara nyingine mlete na baba yake!" Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Baada ya hapo nikapelekwa na baba na Yadollah siku ya wanaume, nikakaa kwenye benchi na nguo zangu zote, mvuke ukinilowesha, na hakuna aliyeweza kunivua. Mama akawa ananiosha jikoni gizani, akisema, "Mtoto huyu ana haya kupita kiasi."

Sasa sikiliza. Wodi ya wanaume wamekubali kwa sharti moja: niwe na mwanamume wangu wa kuniuguza, akae pembeni mwa kitanda mchana na usiku. Wanawake hawaruhusiwi mle ila saa za kutazama wagonjwa. Tangu Baba afariki nina mwanamume mmoja tu duniani, Kaka Yadollah. Najua hatamki jina langu, lolote kati ya hayo mawili. Hana haja ya kulitamka. Na akae tu.

Mdogo wako,
Taraneh

*

Qaen, 6 Aban 1378

Mdogo wangu mpenzi,

Nimesoma barua yako kondeni huku nimeinama, watu wakadhani nafunga kiatu. Mungu aondoe mkono wake mzito juu yako.

Umeugua wakati wa maua ya zafarani. Mwaka huu yametoka kwa mkupuo, konde lote ni zambarau. Tunatoka kabla jua halijafungua vikombe, tunachuma mpaka mgongo unakataa kunyooka, kisha tunakaa kuchambua nyuzi mpaka vidole vinakuwa vya njano na macho hayaoni. Ua likilala, limekufa. Hata Mama anachambua, amefunga goti kwa kitambaa.

Nimezungumza na Yadollah. Atakuja maua yakipungua, Alhamisi ijayo. Siku chache tu, mdogo wangu. Vumilia hapo ulipo, na mwambie anayesukuma machela akusogeze ukutani.

Nimetuma zereshk, zile beri kavu chachu, na mkate wa Mama. Mama anajua uko Mashhad unashona nguo za harusi nyingi.

Dada yako,
Esmat

*

Mashhad, 9 Aban 1378

Dada Esmat,

Mkate nimeula wote. Naona umeniita "mdogo wangu" kila mstari na jina hukuliandika. Sikulaumu, umetafuta njia isiyomuumiza mtu.

Limetokea jambo la ajabu, lisikilize mpaka mwisho kabla hujacheka.

Mwisho wa wodi ya wanawake kuna chumba cha vitanda viwili chenye mlango na choo chake. Kitanda kimoja ni cha mama wa hapa mjini aliyekwenda Makka, kila mtu anamwita Haj Khanom. Amevunjika nyonga, na bintiye Batul, mjane wa makamo, ndiye anayemuuguza. Kitanda cha pili ni kitupu. Bi Shirvani alikuwa akilalamika mlangoni kwamba hajui aniweke wapi, na mama yule akasikia.

"Mleteni kwangu."

"Haj Khanom, kwa karatasi ni mwanamume. Si maharimu wako, huwezi kuvua mtandio mbele yake."

"Basi nitamfanya maharimu. Tatizo liko wapi? Batul, njoo hapa."

Dada, mama yule ametoa suluhisho kama mtu anayetoa kiraka cha rangi inayofanana. Nisome mut'a, ndoa ya muda, na Batul, kwa muda ambao mama yake atakuwa hospitalini. Maneno tu, hakuna kugusana. Batul atakuwa mke wangu, mama yake atakuwa mama mkwe wangu, na mama mkwe ni maharimu milele. Chumba kizima kitakuwa halali. Sheikh wa chumba cha kusalia alipoulizwa alikuna ndevu, akasema kisheria hakuna kasoro. Bi Shirvani alikaribia kulia kwa furaha.

Batul alikuwa anamenya chungwa. Akasema, "Mimi nimekubali, kama yeye amekubali," akaendelea kumenya.

Mimi nimekataa.

Usinione mjinga. Kwenye faili la mahakama nimeandika kwa mkono wangu kwamba mimi si mwanamume wala sikuwahi kuwa. Miaka minne nimekaa mbele ya madaktari nikilisema hilo mpaka mdomo umekauka. Sasa niseme "nimekubali" kama bwana harusi, mbele ya sheikh? Na hakimu akisikia? Nimewaambia, asanteni sana, kaka yangu anakuja Alhamisi.

Haj Khanom akasema, "Kaka akija vizuri. Asipokuja, kitanda hakitembei."

Anakuja Alhamisi, sivyo?

Taraneh

*

Qaen, 11 Aban 1378

Mdogo wangu,

Haji. Sikuwa na moyo wa kukuandikia mara ya kwanza.

Nilimwambia wakati tunapima magunia. Hakupandisha sauti. Alisema, "Ndugu yangu akiwa mgonjwa nitalala chini ya kitanda chake. Huyo unayemsema simjui." Kisha akambeba Mama kumvusha mtaro, kwa upole vile vile kama kawaida yake. Mtu huyu anaweza kuwa mwema na mgumu kwa dakika moja, nami nimeshindwa kujua nipige wapi.

Kubali kitanda. Ni maneno, na maneno utayatoa mdomoni kama unavyotema mbegu. Hakimu hakai chumbani kwa Haj Khanom. Kufa kwako kwenye machela hakutamwonyesha mtu yeyote kwamba wewe ni mwanamke.

Nisamehe kwa kusema hivi kavu kavu. Vidole vinaniuma.

Esmat

*

Mashhad, 13 Aban 1378

Dada Esmat,

Nimeoa.

Mahari ni kijiti kimoja cha nabati, ile sukari ya mawe wanayouza karibu na haram, kaburi la Imamu. Batul alisema hataki zaidi. Sheikh alisimama kizingitini amegeuzia uso ukutani. Batul alisema maneno yake, kisha ikafika zamu yangu. Sauti yangu yote niliyoifundisha kwa miaka niliiacha nje, nikasema "nimekubali" kwa sauti ya Rahmatollah, kwa kuwa nilidhani la sivyo haitahesabika. Kisha nikageukia ukuta nikalia. Haj Khanom akamwambia sheikh, "Bwana harusi ana homa, tuachie."

Halafu, Dada, akavua mtandio wake. Ana nywele nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Batul naye akavua. Wakakaa wanakunywa chai na kumsengenya dada wa daktari, na Haj Khanom akaniambia, "Mkwe wangu, nisukie nywele, huyu binti ananivuta kama punda." Nikamsuka. Wamenifungulia vichwa kwa sababu mimi ni mwanamume wa nyumba, nami nimekaa kati yao nafurahi kama niliyerudi siku ya wanawake na Bi Kokab hayupo mlangoni. Sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili kwa pamoja. Nimeyaacha.

Wauguzi wa upande huu ni wanawake. Wananiosha bila kusema kitu. Batul huwa anashika shuka.

Napasuliwa Jumamosi. Niombee. Ukiweza, niombee kwa jina langu, Mungu asije akamtafuta mtu mwingine.

Taraneh

*

Qaen, 19 Aban 1378

Mdogo wangu mpenzi,

Ghorbanali ameniambia umepasuliwa na uko hai. Nilikaa chini katikati ya maua nikayaponda, Yadollah akanikaripia.

Sasa nina jambo, na sijui nilianzie wapi. Yadollah alikuja huko.

Alipeleka zafarani sokoni Mashhad Jumapili. Hakuniambia, lakini alifunga shati jipya kwenye kifurushi, nikajua. Alikwenda hospitalini, wodi ya wanaume, akauliza Rahmatollah. Mhudumu akamwambia, "Yule? Yuko kule mwisho, na mke wake."

"Mke wake?"

"Mke wake na mama mkwe. Waliozeshwa na sheikh wa hapa hapa."

Akamsindikiza mpaka penye kioo cha mlango. Yadollah anasema umelala umefumba macho, na mwanamke mzima mwenye heshima anakamua kitambaa na kukuwekea kipajini. Hakuingia kwa kuwa ndani mlikuwa na wanawake, na asingejua aseme nini. Alisimama hapo mpaka mhudumu akamwambia bwana, unaziba njia. Kisha akanunua boksi la peremende na akarudi na basi la jioni.

Amefika nyumbani analia kama mtoto. "Mama, Rahmat amepona. Yale mambo yameisha. Ana mke." Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na maua mikononi. Peremende zimegawiwa kondeni. Mama amevua ile bangili yake ya mkono wa kulia, anasema ni ya mkwewe, nami nimeambiwa niitume. Imo ndani ya soksi pamoja na barua hii.

Nilikuwa na sinia la nyuzi mapajani, nikaendelea kuchambua. Miaka sita sijamwona Mama akicheka mpaka anashika mbavu. Niambie niseme nini nami nitasema.

Esmat

*

Mashhad, 22 Aban 1378

Kwa Bi Esmat,

Salamu alaikum. Mimi ni Batul, binti wa Haj Khanom. Taraneh hawezi kushika kalamu leo, kwa hiyo nakuandikia mimi. Nitajitahidi kueleza mambo kwa utaratibu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wameacha bomba ubavuni la kutoa maji, na kidonda kinatakiwa kufunguliwa na kusafishwa kila siku.

Siku nne zilizopita daktari alimruhusu mama yangu kwenda nyumbani. Tuliomba abaki, lakini kuna wagonjwa wanasubiri kitanda. Mut'a yetu iliwekewa muda wa kukaa kwa mama hospitalini, hivyo ilikwisha pale alipovuka mlango. Jioni ile chumbani waliletwa wanawake wengine wawili, na Taraneh akahamishiwa wodi ya wanaume, lile sharti la mwanamume wa kumuuguza likiachwa kwa kuwa amekwisha kupasuliwa. Bi Shirvani alinikwepa macho.

Mle siruhusiwi ila saa mbili za alasiri. Kitanda chake kiko katikati na hakina pazia. Wanaouguza jamaa zao hukaa wanavunja mbegu za maboga na kumtazama. Mmoja huniuliza kila siku, "Dada, huyu ni nani wako, mume au shoga yako?" Wenzake hucheka. Nilimjibu kwamba ni mgonjwa, na yeye angekuwa mzima angejua tofauti. Walinyamaza siku moja.

Tatizo si maneno yao. Anayesafisha vidonda ni mwanamume, naye hufanya kazi yake saa nne asubuhi mbele ya wodi nzima. Taraneh hakubali kufunguliwa nguo. Anashika shuka kwa mikono yote miwili. Yule bwana ana wagonjwa wengi, anaandika "amekataa" na kwenda kitanda kinachofuata. Mimi nikifika alasiri namsafisha chini ya chadori yangu kadiri ninavyoweza, lakini mimi si muuguzi, na leo nimesikia harufu.

Amenitaka nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema: "Mwambie Dada amlete Yadollah. Akitaka aamini nina mke, aamini. Akitaka aambiwe ukweli, aambiwe. Vyovyote. Ninachotaka asimame na shuka wakati wananifungua. Ni kusimama na shuka tu."

Kuhusu bangili. Imenishangaza na sijui adabu yake ni ipi. Nimemwonyesha, akasema nivae, mama yake asije akahisi imedharauliwa. Nimeivaa, lakini ni amana.

Batul

*

Qaen, 24 Aban 1378

Bi Batul mpendwa,

Mungu akulipe. Msomee barua hii kwa sauti nyepesi, asichoke.

Nimemwambia Yadollah aje kwa kuwa ndugu yake ana homa. Amesema, "Ana mke. Mwanamume ataingia vipi kati ya mtu na mkewe? Nitamwaibisha." Kwake hiyo ndiyo heshima. Nikasema mke haruhusiwi mle usiku. Akasema, "Basi mkewe ana ndugu zake. Sisi maua yakiisha tutakwenda wote, na Mama, na zawadi, kama watu." Anapanga kuazima gari.

Jana usiku nilifungua mdomo kumwambia ukweli wote. Mama alikuwa ameketi anakata kitambaa cha maua meupe, anakupimia wewe kwa macho ya Yadollah. "Ni mnene kama Esmat au mwembamba?" Yadollah akasema, "Kama Esmat, Mama, lakini mrefu." Nikachukua mkasi nikamsaidia Mama kukata.

Maua yamebaki ya siku sita, labda tano. Nipeni siku hizo. Nitamweleza njiani, ndani ya gari, Mama akiwa amelala. Mwambie mdogo wangu ashike shuka kwa mkono mmoja tu, ule mwingine auache wamsafishe. Mwambie mimi nimesema.

Esmat

*

Mashhad, 27 Aban 1378

Dada Esmat,

Naandika mwenyewe ili uone mkono wangu, basi usijali umepinda.

Daktari alikuja asubuhi, akafunua mwenyewe, akamgombeza kila mtu. Wananipa dawa kwa mshipa. Najisikia nafuu.

Usimwambie Yadollah. Nimefikiri. Acha maua yaishe kwa raha. Nilikuwa namtaka asimame na shuka, na sasa naona amesimama nayo, ila kwa upande mwingine wa mlango. Alikuja na shati jipya. Hilo nimeliweka.

Nimemwomba Batul jambo moja naye amekubali. Haj Khanom alikuja kwa kiti cha magurudumu, wakati wa kutazama wagonjwa, tukasoma mut'a upya, mwaka mzima. Wanaume wa wodi walipiga makofi, mmoja akatugawia mbegu za maboga. Haj Khanom hakuelewa mwanzoni. "Mkwe wangu, safari hii hakuna kitanda. Unataka nini?" Nilimwambia sikioni. Hakucheka tena.

Mara hii sikulia, wala sikubadilisha sauti. Nilisema "nimekubali" kwa sauti yangu.

Mahari ni nabati ile ile. Kijiti cha kwanza alikuwa bado hajakila.

Mbusu Mama goti.

Taraneh

*

Mashhad, 4 Azar 1378

Bi Esmat,

Ghorbanali amekwisha kukuletea habari kwa mdomo, na najua barabara ya Qaen ilifungwa na theluji nyuma ya basi lake, ndiyo maana hamkufika. Nakuandikia yale ambayo yeye hayajui.

Homa ilirudi tarehe 29 Aban. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Azar, kabla sijaruhusiwa kuingia. Wanasema hakusumbua mtu.

Niliitwa mimi kwa kuwa kwenye jalada nimeandikwa mke. Hapo ndipo nilipoelewa kwa ukamilifu alichokuwa ametaka. Aliniambia siku ile, "Nikiwa hai naweza kushika shuka. Nikifa sitaweza." Wanaume huoshwa na wanaume. Lakini mke ana ruhusa ya kumwosha mumewe.

Makaburini nyumba ya kuoshea maiti ina milango miwili kama hospitali. Wale wa upande wa wanaume walikwisha kumshika kwa miguu. Nikasema, "Mwacheni. Nitamwosha mwenyewe."

"Dada, hapa ni kwa wanaume, kuna maiti wengine na waoshaji. Huwezi kuingia."

"Basi mpelekeni upande wa wanawake."

"Upande wa wanawake? Mwanamume?"

"Mume wangu. Ulizeni sheikh."

Walikwenda kuuliza. Msimamizi wa kike alitoka akasema kwake haingii jina la Rahmatollah. Alilala tena katikati, Bi Esmat, kwenye machela, kati ya milango miwili, na mimi nimesimama mbele yake nimetandaza chadori. Sheikh akaja akasema ni haki yangu. Mwisho walitupa upande wa wanawake wakati wa mapumziko ya adhuhuri, ulipokuwa mtupu. Mama yangu aliweka kiti chake cha magurudumu kizibe mlango kwa nje. Nilimsikia akimwambia mtu, "Humu wamo wanawake, subiri."

Nilimwosha kwa maji ya mkunazi, kisha ya kafuri, kisha maji matupu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, niliyapima kwa kiwiko. Kidonda nilikifunga pamba safi. Nywele nilizichana na kuzigawa, kama anavyogawiwa mwanamke. Hakuna mwingine aliyemwona.

Mume wangu wa kwanza aliuawa vitani. Shahidi haoshwi, anazikwa na damu yake, na sikuonyeshwa hata uso. Nimekuwa na waume wawili, na huyu ndiye niliyemwosha.

Bangili nitaileta barabara ikifunguka. Niambie tu nije kama nani. Mama yako atataka kumwona mkwewe, na kaka yako amenitumia salamu kwa Ghorbanali, ananiita shemeji. Mkitaka nije kama mjane nitakuja kama mjane na sitasema neno. Mkitaka ukweli, nitausema mara moja tu, tena taratibu.

Batul

*

Qaen, 11 Azar 1378

Dada Batul,

Maua yaliisha tarehe 30. Gari lilikuwa limekwisha kuazimwa, zawadi zimefungwa, na theluji ikaanguka. Nayaandika haya kwako kwa kuwa hapa hakuna ninayeweza kumwambia.

Yadollah amekaa msibani siku saba akipokea mikono. Kila anayeingia anasema, "Afadhali aliondoka na nyumba yake, na mke wa kumlilia." Naye anajibu, "Nilimwona mwenyewe. Alikuwa anamuuguza vizuri." Jana alinifuata ghalani, akauliza, "Esmat, kwa nini kwenye wodi ile hakukuwa na mwanamume wa kwake?" Nikamwambia, "Kwa sababu ulirudi na basi la jioni." Sijui ameelewa kiasi gani. Tangu hapo hajala na sisi.

Njoo. Sijui uje kama nani. Njoo kama mtu aliyemwosha Taraneh. Jina hili ni mara yangu ya kwanza kuliandika, na lilikuwa rahisi.

Bangili usiilete. Mama amekataza isivuliwe.

Nilimsomea Mama kipande cha barua yako, kile cha maji tu. Alikuwa anachambua nyuzi kavu za mwisho. Aliniuliza kama maji yalikuwa ya moto, nikasema yalikuwa ya uvuguvugu, na kwamba ulipima kwa kiwiko. Akauliza nani mwingine alikuwamo, nikasema hakuna, ulikuwa wewe peke yako, na mlango ulizibwa. Alichambua uzi mmoja, na mwingine. Kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Na mwanangu hakuona haya?"

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Safari hii hakuona haya."

Esmat